Difu Iliyolambishwa Chumvi

Oili ya difu, lile bonge la chuma linalozungusha magurudumu ya nyuma ya gari, ina harufu yake peke yake. Oili ya injini hunuka moshi, ya breki hunuka dawa, lakini hii ya difu, nzito, inayodondoka taratibu kama asali asubuhi ya baridi, hunuka yai viza. Ndani ya yai viza kuna kiberiti, na ndani ya kiberiti, kwangu mimi, yumo bibi yangu.

Juzi nilisimama uani kwetu Kasulu huku Fundi Zabroni akiwa amelala chali chini ya pikapu ya marehemu Baba. Bodi limeoza kiasi kwamba kuku huingilia mlangoni na kutokea sakafuni. Fundi akalegeza boliti ya chini, oili ikaanza kushuka ndani ya beseni, harufu ikapanda ikanipiga usoni, na moyo wangu ukaruka kama mtoto aliyeitwa na wenzake dirishani.

"Binti yangu," akasema kutoka kule chini. Ni mzee sasa, sauti yake inakwaruza. "Bodi hili ni la kuwapa watu wa vyuma chakavu. Lakini difu bado nzima kabisa. Kuna mtu wa Kibondo anaitaka aifunge kwenye gari lake. Nimwambie nini?"

Nilikuwa nimekwisha kwenda mbali, kwenye umri ule wa mapengo ya mbele, wakati nilipoamini mambo mengi yasiyo ya kweli na yote yalikuwa matamu.

Siku hizo tulikaa Kagerankanda. Baba alinunua maharage kwa wakulima na kuyapeleka sokoni kwa pikapu hiyohiyo, ambayo hata wakati ule ilikuwa imezeekea mikononi mwa watu wengine kabla ya kutufikia. Mmoja wao alikuwa ameandika nyuma kwa herufi nyekundu: MUNGU HASUKUMWI. Mliokulia milima ile mnajua mvua zikianza udongo unavyogeuka sabuni. Kila msimu, palepale kwenye mlima wa kutokea mtoni, tulisikia kaa! kama muhogo mkavu unaovunjiwa gotini. Safti ya nyuma imekatika. Gurudumu linachomoka na kipande chake cha chuma, linateremka kurudi mtoni peke yake, bila haraka, kama mbwa aliyekumbuka kitu alichosahau.

"Mungu hasukumwi," Mama alikuwa akisema, kitenge amekikunja, tope hadi magotini, bega kwenye bodi, "ila gari lake, masikini, tunalisukuma sisi."

Baba alicheka hadi akaacha kusukuma.

Mimi sikujali maharage. Nilitaka jambo moja tu duniani, kumwona Nyogokuru. Ndivyo tulivyomwita mama yake Baba, kwa Kirundi chake mwenyewe. Aliishi Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi, miaka yote niliyomjua, na kila Baba alipopata nafasi alinipakia kwenye baiskeli tukaenda. Alikuwa akinikatia ndizi ya kuchoma kwa vidole, akiipuliza kipande kwa kipande kana kwamba pumzi yake ndiyo kitoweo. Kambi ilipofungwa, alichagua kurudi kwao. Baba alikwishapata uraia, Mama ni Muha, mtoto wa hapahapa, na nyumba yetu ilikuwa na chumba. Baba akamsihi abaki. Nyogokuru akatikisa kichwa.

"Oya, mwana wanje. Nataka kuzikwa mahali ninapojua jina la mlima."

Siku ya kuondoka, malori yalibeba watu na magodoro. Wazee wasioweza kupanda malori wakawekwa kwenye pikapu moja nyeupe iliyokuwa ikifanya kazi za kambini, na Nyogokuru, kwa sababu ya nyonga yake, alikuwa humo. Nilikimbia nyuma yake. Mtoto akikimbia nyuma ya gari hawaoni watu, huona tumbo la gari. Niliona lile bonge la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, duara kama kibuyu, na juu yake kovu la kuchomelea lenye umbo la mjusi, kichwa, mkia na miguu minne. Vumbi likafunga. Kitu cha mwisho nilichokiona siku ile hakikuwa uso wa bibi yangu. Kilikuwa yule mjusi.

Mvua zilizofuata, safti ikakatika tena, na Baba akasema sasa basi. Hatanunua safti nyingine ya kuja kuvunjika. Atatafuta difu nzima, pande zote mbili na bomba lake, yenye nguvu ya kubeba maharage na matusi ya Mama. Tukaenda wote Kasulu, kwa gari la kukodi, kwa Papa Safi, Mkongomani mnene mwenye uwanja uliojaa mifupa ya magari. Fundi Zabroni, kijana mwembamba wakati ule, alikuwa ametutangulia, amechuchumaa kati ya difu mbili akizitazama kwa zamu.

Ya kwanza ilikuwa ya buluu. Ilikuwa imepakwa rangi, imefutwa, inang'aa kama sufuria ya mgeni.

"Patron, hii iko propre, iko safi," Papa Safi akasema, akiipapasa. "Ilitembea ku lami tu. Unafunga leo, kesho unatembea."

"Na ile?" Baba akauliza.

Ile ya pili ililala kwenye nyasi, ina kutu, ina tope lililokauka, pana kuliko mwenzake.

"Ile iko muzito. Ilitumika ku kambi. Gari yake ilipinduka, ikakufa, difu ikabakia." Papa Safi akainua mabega. "Iko muzima, lakini iko na kazi mingi."

Mama alikuwa amekwishachagua. "Baba fulani," akasema, kama alivyomwita Baba alipotaka jambo lake lipite, "chukua ya buluu. Maharage yanaota ndani ya magunia, wewe unataka kazi nyingi?"

Fundi Zabroni akakohoa. "Mama, hii ya buluu ni bwana harusi. Imependeza, lakini usiipe jembe." Akaingiza kidole kwenye tundu la oili la ile ya buluu, akakitoa, akakipaka kwenye kiganja cha Baba. Ndani ya weusi kulikuwa na vumbi linalometameta. "Umeona? Hizo ni chenga za chuma. Meno ya ndani yanalana." Akafanya vilevile kwa ile yenye kutu. Oili yake ilikuwa nyeusi na chafu, lakini haikumetameta. Harufu ya yai viza ikatufikia wote, Mama akaziba pua. Hapo ndipo nilipoinusa kwa mara ya kwanza.

"Na kuna jambo jingine," fundi akaendelea. "Difu ya gari lako, na hii ya buluu, safti inafanya kazi mbili. Inazungusha gurudumu, na hapohapo inabeba uzito wa gari. Ni sawa na mama abebe ndoo ya maji kichwani huku anavuta mbuzi asiyetaka kwenda. Siku moja atavunjika kiuno. Hii nyingine uzito wote unakaa juu ya bomba. Safti iko ndani, kazi yake kuzungusha tu. Wamegawana, mmoja anabeba ndoo, mwingine anavuta mbuzi. Hata safti ikikatika, gurudumu halikimbii."

"Na kazi nyingi ni ipi?"

"Ni pana, na viti vya springi haviko mahali pake. Nikate, nichomelee upya, nipime kwa kamba isije ikakaa upande. Na magurudumu yake yana boliti sita, yako yana tano, kwa hiyo utafute rimu nyingine. Siku si haba, bosi. Nasema kweli."

Baba alikulia kwenye ng'ombe kabla hajakulia kwenye magari, na hakuwahi kununua kitu bila kukizunguka. Aliizunguka difu yenye kutu mikono nyuma. Akaipiga kofi ubavuni. Akashika mwisho mmoja, panapofungwa gurudumu, na kuutikisa asikie kama unalegea, kama mtu anavyoshika nyonga ya ndama. Kisha akainama, akakwangua tope kwa ukucha pale katikati, kwenye kibuyu, akabaki ameinama hivyohivyo. Nikasogea chini ya mkono wake nione anachokiona.

Mjusi.

Nikapiga kelele. Mama alidhani nimekanyaga msumari. "Hii!" nilisema nikirukaruka, "Baba, hii! Ile mbaya! Chukua ile mbaya!"

"Yoo! Huyu mtoto na uchafu ni ndugu," Mama akasema.

Baba akanitazama kwa muda, akanyooka, akamwambia Papa Safi, "Nipakilie hii."

Mama hakusema neno hadi tulipofika nyumbani. Alipofika alisema mengi.

Ili mnielewe, lazima mjue jambo ambalo kila mtoto wa kwetu alilijua. Ng'ombe akinunuliwa, moyo wake hubaki kwenye zizi la zamani. Ukimwacha, usiku wa kwanza ataondoka, atavuka mito na mashamba ya watu, asubuhi utamkuta amesimama mlangoni kwa aliyekuuzia, anacheua kana kwamba hakuna biashara iliyofanyika. Kwa hiyo hufungwa siku za mwanzo, na hulambishwa chumvi mkononi, polepole, mpaka akujue wewe ndiye nyumbani.

Basi jioni ile niliona nini? Niliona difu imeshushwa uani, chini ya mparachichi, na Baba anaizungushia mnyororo mnene na kuufunga kwa kufuli kwenye shina. Leo najua wezi wa vyuma walikuwa wamechachamaa hadi wakaiba kengele ya shule. Lakini hakuna aliyenieleza, na sikuwa na haja ya kuelezwa. Ilikuwa wazi kama jua. Difu ile ilikuwa inajua njia ya kwa Nyogokuru, iliwahi kwenda mpaka huko, na Baba aliifunga isirudi kabla hajawa tayari kwenda nayo!

Sikulala kwa furaha. Asubuhi nikachota chumvi ya Mama kwenye kopo, nikang'oa nyasi mbichi, nikaenda kuchuchumaa mbele yake. Nilitafuta mdomo. Ule mwisho wa bomba ulikuwa wazi, nikautambua kuwa ndio. Nikaingiza nyasi, nikanyunyiza chumvi, nikapata tundu dogo la oili nikaamua hilo ni sikio. Nikanong'ona humo: "Ukifunguliwa usikimbie peke yako. Ningoje mimi." Nilifanya hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nikasikia, nawaapia, kitu humo ndani kikinijibu kwa mwangwi.

Fundi Zabroni alikuja na mashine yake ya kuchomelea pamoja na jenereta. Akainua mwisho mmoja wa difu, na kutoka mwisho wa pili likateleza bunda la nyasi lenye chumvi iliyoyeyuka.

"Bosi," akaita kwa upole sana. "Nani amekuwa akilisha difu?"

Baba akatoka. Mama akatoka na kopo lake tupu mkononi, na nikaona uso wake ukifanya hesabu.

"Chumvi yangu! Nimewasingizia majirani!"

"Chumvi na chuma ni maadui, mtoto," Fundi Zabroni akaniambia, akijaribu kukunja uso, mashavu yakimsaliti. "Unataka ioze kabla haijatembea?" Akaiosha yote kwa dizeli, ndani na nje, akiimba, na kila aliponitazama alisema, "Leo imeshiba?" Watoto wa jirani wakaanza kuniita Mchunga Difu. Sikuona aibu. Niliogopa jambo moja tu, kwamba dizeli imeifuta kumbukumbu.

Kazi ilipokwisha, pikapu ilisimama imetanuka nyuma kama mama mwenye makalio ya heshima. Mama aliitazama, akainama akachungulia chini, akasema, "Hm." Kwa Mama hiyo ilikuwa hotuba ya kuomba radhi.

Asubuhi ya safari ya kwanza kulikuwa na ukungu hadi kwenye migomba. Magunia ya maharage yalipangwa hadi juu. Baba alisema tunakwenda Kibondo. Mama akaniogesha kwa maji ya moto, akanivalisha gauni langu la Krismasi, na sikujiuliza hata kidogo kwa nini mtu avae gauni la Krismasi kwenda kuuza maharage. Nilikuwa na akili kwa jambo moja tu. Najua, niliwaza, Baba anasema Kibondo, lakini difu ina mipango yake.

Tukafika mtoni. Tukauanza mlima. Mama akafumba macho, mimi nikashika dashibodi, na nilisikia Baba akisema chini ya pumzi yake, "Ego, ego, ego," ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama anavyohimizwa ng'ombe kwenye maji. Magurudumu yakateleza, yakashika, yakateleza. Tukafika palepale. Nilisubiri kaa! Sote tulisubiri. Kilichosikika ni mngurumo mzito kutoka nyuma, wa chini sana, wa kitu kinachofanya kazi kinayoijua tangu zamani, na ghafla pua ya gari ikainama mbele na anga likawa kubwa. Tulikuwa kileleni! Baba akapiga honi mpaka wanawake mashambani wakainua majembe. Mama akafumbua macho, akacheka, akampiga Baba begani, akalia kidogo, akacheka tena. Mimi nilipiga kelele hadi pengo langu likaingia baridi.

Kisha tukafika njia panda. Kushoto barabara inashuka Kasulu, na ukiendelea huko utafika mpakani kwa njia ile waliyopita watu wa kambini. Kulia ni Kibondo. Nikasimama kwenye kiti. Huu ndio wakati, nilijua. Itageuka. Nikatazama usukani usogee.

Baba akageuza kulia.

"Siyo huko!" nikapiga ukelele. Nikamshika mkono. "Baba, iachie! Iachie kamba! Inajua njia, iachie yenyewe!"

Akakanyaga breki, magunia yakasukuma mgongo wa gari. "Nini inajua njia?"

Nikamwambia yote huku nikilia. Mjusi, vumbi, mnyororo, chumvi. Nilimwambia kwamba ilimpeleka Nyogokuru na ingetupeleka na sisi kama asingeishika kwa nguvu hivyo. Mama aliweka kiganja mdomoni. Baba alizima injini. Ukungu ulipita mbele ya kioo, maharage yakajipanga upya nyuma yetu.

"Kwani wewe unadhani," Baba akasema hatimaye, "ni wewe peke yako uliyekimbia nyuma ya gari lile?"

Sikuwa nimemwona. Sikuwa nimegeuka nyuma.

"Mimi nilikuwa nyuma yako. Mjusi yule nimemtazama mpaka nikamhesabu vidole." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Fundi aliponiambia hii ndiyo yenye nguvu, nilimshukuru Mungu, maana ningeinunua hata kama ingekuwa imepinda."

"Na hamkuniambia!" Mama akasema. "Wawili ninyi mmenifanya nipigane na mjusi!"

Baba akawasha gari, sauti yake ikapata uchangamfu. "Halafu nani kakwambia mpaka uko upande mmoja? Ukitoka Kibondo kuna Mabamba, na leo ni siku ya soko. Warundi wanavuka tangu alfajiri. Nimetuma ujumbe. Safti ile ya zamani isingefika huko hata kwa maombi, ndiyo maana sikuahidi kitu. Kwa nini unadhani mama yako amekuvalisha gauni la Krismasi?"

Kutoka pale hadi Mabamba sikukaa. Nilisimama njia nzima.

Nyogokuru alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya wauza vikapu, fimbo mapajani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, na alipotuona hakusimama kwa sababu nilikuwa nimekwishamfikia. Alinuka moshi uleule wa ndizi za kuchoma. Alinishika taya, akanifungua mdomo kwa kidole gumba, akatazama mapengo. "Yoo, mwana wanje. Nani amekuibia meno?" Baba alipiga goti mbele yake kwenye matope ya soko, na suruali yake ya safari haikumhusu tena mtu yeyote.

Kisha nikamvuta aje aone. Alikuja kwa fimbo, hatua kwa hatua, akazunguka nyuma ya pikapu, akasoma MUNGU HASUKUMWI kwa sauti, akacheka. Nikamwonyesha chini. Aliinama kwa shida, nyonga ikimlalamikia, akamwona mjusi, na nikamweleza ni nani. Nyogokuru aliipiga difu kofi ubavuni, lile kofi la mfugaji, moja tu.

"Ilinipeleka bila kuniuliza kama nimemaliza kuaga," akasema. "Ona sasa. Imerudi kunichukulia salamu."

Kila kiangazi baada ya hapo tulikwenda Mabamba, na difu haikuvunjika, hadi mwaka Nyogokuru alipolala kwenye mlima wake anaoujua jina. Baba naye akamfuata. Pikapu ikabaki uani na kuku.

"Binti," Fundi Zabroni akaita tena kutoka chini ya gari, na beseni sasa lilikuwa limejaa. "Umelala? Huyu mtu wa Kibondo nimwambie nini?"

"Gari lake ni la kazi gani?"

"Anabeba mihogo. Na watu siku za soko la Mabamba."

Nikavuta harufu ile kifua kizima.

"Mwambie aje aichukue," nikasema. "Lakini siku za mwanzo aifunge mnyororo. Hiyo huwa inarudi."

Kule chini nikasikia spana ikianguka, na mzee akicheka peke yake gizani, halafu akauliza, "Na chumvi, aipe?"